SANGE NA CHURA WA MILIMA YA UDZUNGWA

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wenyeji



Tumetakiwa kusema nanyi juu ya wanyama, nasi tumechagua wawili walio wadogo, maana wakubwa wana wasemaji wengi. Simba na tembo wana sifa zao tangu zamani, na watu husafiri kutoka nchi za mbali waje wawatazame. Lakini katika milima ya Udzungwa, iliyo baina ya nchi ya Iringa na bonde la Kilombero, wamo wawili ambao mtu aweza kuwapita asiwaone kamwe. Mmoja ni sange mwenye uso wa kijivu, ambaye watu wengine humwita sengi; wa pili ni chura mdogo wa maporomoko ya mto Kihansi. Twataka kuwalinganisha katika mambo mawili: kwanza, kila mmoja ni wa ukoo gani, pili, kila mmoja yu katika hali gani ya salama au ya hatari. Na katika jambo hili la pili limo fundisho lituhusulo sisi tulimao, tuchomao moto mashamba, na tutekao maji mitoni.

Yafaa kwanza tuwaeleze mahali penyewe. Milima ya Udzungwa ni sehemu ya safu ndefu ianzayo Taita katika nchi ya Kenya, ikashuka kwa Upare na Usambara, ikapita Uluguru na nyinginezo. Upepo wa Bahari ya Hindi huipiga milima hiyo na kuiletea mvua, na kwa ajili hiyo misitu yake imedumu miaka mingi sana, hata pale nchi za chini zilipokauka. Basi kila mlima umekuwa kama kisiwa, na viumbe waliomo wamekaa peke yao vizazi kwa vizazi, hata wakawa tofauti na wenzao wa mahali pengine. Ndiyo sababu wanyama wetu hawa wawili hawakupata kujulikana na wataalamu hata siku za karibuni, wala hawana kwao kwingine duniani.

Sasa twaingia katika habari ya koo.

Mtu akiulizwa, "Wewe nani?" hujibu kwa kutaja kabila lake, ukoo wake, nyumba ya baba yake, kisha jina lake mwenyewe. Wataalamu wa wanyama hufanya vivyo hivyo. Mtu wa Uswidi, jina lake Carl Linnaeus, alitengeneza katika kitabu chake cha mwaka 1758 utaratibu wa kumpa kila mnyama majina mawili ya Kilatini, moja la nyumba na moja lake mwenyewe. Na juu ya hayo yako makundi makubwa zaidi. Kundi kubwa huitwa ngeli. Ndani ya ngeli mna oda. Ndani ya oda mna familia. Ndani ya familia mna jenasi, ndiyo nyumba. Na ndani ya jenasi mna spishi, ndiye mnyama mwenyewe.

Sange na chura wetu ni jamaa kwa jambo moja tu: wote wawili wana uti wa mgongo, kama sisi, kama samaki na kama ndege. Baada ya hapo njia zao zaachana. Sange ni wa ngeli ya mamalia, yaani wanyama wenye manyoya ya mwilini, wenye damu ya moto, na ambao mama hunyonyesha watoto wake. Chura ni wa ngeli ya amfibia, wanyama wa ngozi tupu yenye unyevu, ambao joto la miili yao hufuata hali ya mahali walipo, na ambao wengi wao huanza maisha yao majini kisha hutoka nchi kavu.

Lakini fahamuni ya kwamba sura ya nje hudanganya, na wanyama hawa wawili ni ushahidi mwema.

Mtazameni sange. Ana pua ndefu inayochezacheza, mkia mwembamba, na miguu ya nyuma iliyo mirefu kuliko ya mbele. Mtu akimwona mara moja husema, "Huyu ni panya mkubwa." Wataalamu wa zamani nao walimhesabu pamoja na virukanjia na wadudu-wala wengine. Lakini katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 watu walianza kuchungua vinasaba, yaani ile asili ya uzazi iliyomo ndani ya mwili ambayo kila mtoto huirithi kwa wazazi wake. Hapo ilidhihirika ya kwamba sange si ndugu wa panya wala wa kirukanjia. Ndugu zake ni tembo, pimbi, nguva wa baharini, na muhanga achimbaye vichuguu! Wote hawa ni wa shina moja kubwa lililoanzia Afrika, na mwaka 1998 shina hilo lilipewa jina la Afrotheria. Wazungu walikuwa wamemwita sange kwa jina la tembo kwa sababu ya pua yake tu, wakimfananisha kwa mzaha. Kumbe udugu ulikuwapo kweli, ila haukuwa wa pua.

Katika oda yake ya Macroscelidea, sange wetu ni wa jenasi ya Rhynchocyon, ndiyo nyumba ya sange wakubwa. Jina lake kamili ni Rhynchocyon udzungwensis. Uzito wake ni kadiri ya gramu 700, naye awapita wenzake wote wa nyumba hiyo. Uso wake ni wa kijivu, ubavu wake una rangi ya kahawia iliyochanganyika na njano, na sehemu yake ya nyuma ni nyeusi. Sange wakubwa hukaa wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao. Hutafuta wadudu kwa kupekua majani makavu yaliyoanguka chini ya miti, na majani hayo hayo huyakusanya wakayafanya kiota cha kulala. Huzaa mtoto mmoja au wawili tu kwa mara moja.

Sasa mtazameni chura. Jina lake la kitaalamu ni Nectophrynoides asperginis. Oda yake ni Anura, ndiyo oda ya vyura wote, na familia yake ni Bufonidae. Hilo neno la pili la jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu ya maji, nanyi mtaona sababu yake hivi punde. Ana rangi ya manjano kama dhahabu. Jike mkubwa hafikii sentimita 3, na dume hafikii hata 2. Aweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima.

Kila mtoto aliyechezea kandokando ya dimbwi ajua ya kwamba chura hutaga mayai, na mayai hutoka viluwiluwi wenye mkia, na viluwiluwi hugeuka kuwa vyura. Chura wa Kihansi hafuati desturi hiyo. Jike huyaweka mayai yake tumboni. Humo viluwiluwi hukua na kugeuka, na siku zikitimia huzaa vyura kamili, kila mmoja urefu wake kama nusu sentimita. Je, kwa kuwa huzaa, tumwite mamalia? La. Hana manyoya, hana damu ya moto, wala hanyonyeshi. Ni chura kwa kila hali, ila njia yake ya kuzaa ni ya namna yake. Nyumba yake yote ya Nectophrynoides hukaa katika nchi ya Tanzania, wala haijulikani mahali pengine.

Basi mwaona: yule aliyefanana na panya ni jamaa ya tembo, na huyu azaaye kama mbuzi ni chura. Ukoo wa mnyama haujulikani kwa kumtazama mara moja barabarani. Hujulikana kwa kuchunguza mwili wake wa ndani na asili yake.

Tumemaliza habari ya koo. Sasa twaingia katika habari ya hali zao, nayo ndiyo nzito.

Uko Umoja wa Kimataifa wa kuhifadhi viumbe, ulioanzishwa mwaka 1948, ambao huandika daftari iitwayo Orodha Nyekundu. Katika daftari hiyo kila mnyama aliyechunguzwa hupewa daraja lake. Wako wasio na hatari. Kisha yako madaraja matatu ya hatari: walio hatarini, walio hatarini zaidi, na walio karibu kabisa na kwisha. Baada ya hayo liko daraja la waliotoweka porini, yaani wale waliobaki mikononi mwa wanadamu tu. Na la mwisho ni la waliokwisha kabisa, ambao hakuna mtu atakayewaona tena.

Sange wa Udzungwa alionekana na wataalamu mara ya kwanza mwaka 2005, si kwa macho bali kwa kamera iliyofungwa mtini katika msitu wa Ndundulu, ambayo hujipiga picha yenyewe mnyama apitapo. Mwaka 2006 walikwenda wenyewe wakamkamata, na mwaka 2008 habari zake zikachapishwa. Alipatikana katika misitu miwili tu, Ndundulu na Mwanihana, ambayo eneo lake lote pamoja ni kadiri ya kilomita za mraba 300. Walikisia ya kwamba idadi yake ni baina ya 15,000 na 24,000. Katika Orodha Nyekundu ameandikwa katika daraja la kwanza la hatari.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, wataalamu walipokuwa wakipima hali ya bonde kabla ya kujengwa kwa mtambo wa umeme. Huko Kihansi mto huanguka kutoka juu ya mlima kwa nguvu nyingi, na maporomoko yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima, juu ya majani na kuvumwani. Chura huyu aliishi ndani ya manyunyu hayo na mahali pengine hapana. Makao yake yote yalikuwa kadiri ya hekta 2, yaani eka 5. Shamba la mtu mmoja mwenye bidii. Na mwezi wa Juni mwaka 2003 hesabu yake ilikisiwa kuwa karibu 20,000.

Hapa twawaomba mtue kidogo mfikiri. Sange kadiri ya 20,000. Chura kadiri ya 20,000. Kwa hesabu ya vichwa peke yake walikuwa sawa. Kama mngaliulizwa siku ile ni yupi aliye katika hatari, mngalijibu nini? Lakini hekta 2 zaingia katika kilomita za mraba 300 mara 15,000. Sange alikuwa na nchi; chura alikuwa na shamba moja tu, na shamba hilo lilitegemea mto mmoja.

Sasa sikilizeni yaliyompata.

Mtambo wa Kihansi ulikwisha kuanza kazi ilipofika mwaka 2000. Una nguvu ya megawati 180, na haja yake ilikuwa kubwa, maana miji na viwanda vilikuwa vikipungukiwa na umeme. Ili kuuzungusha, maji ya mto yalizuiliwa kwa bwawa juu ya maporomoko na kupitishwa ndani ya handaki. Takribani sehemu tisa katika kumi za maji ziliondoka katika maporomoko. Manyunyu yakakoma, mimea ikaanza kukauka, na vyura wakaanza kupungua. Ndipo yalipowekwa mabomba yenye vitundu vidogo ya kunyunyizia maji kama mvua ya kutengenezwa. Mabomba yalifaa: mimea ilirudi, na vyura wakaongezeka hata kuifikia ile hesabu ya mwaka 2003 tuliyoitaja.

Lakini mwaka ule ule, katika miezi michache, walianguka. Mwezi wa Januari mwaka 2004 watafutaji waliona vyura watatu tu, na kusikia sauti za madume wawili. Wachunguzi walikuta ugonjwa wa kuvu, aina ya ukungu ulao ngozi ya vyura, ambao umewaua vyura wa nchi nyingi duniani. Na chura hawezi kuishi bila ngozi nzima, maana kwa ngozi hiyo hunywa maji na kuvuta pumzi. Wengine walitaja pia sumu za kuulia wadudu wa mashamba zilizoshuka na matope ya mto. Mwaka 2005 ulikuwa wa mwisho kwa wale wa asili kuonekana huko, na mwaka 2009 Orodha Nyekundu ikamwandika chura wa Kihansi katika daraja la waliotoweka porini.

Kama habari ingeishia hapo tungekuwa twasoma matanga. Lakini mwaka 2000, hatari ilipoonekana, serikali ya Tanzania ilikuwa imekubali vyura 499 wachukuliwe kwa ndege mpaka Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama, na hasa Bronx Zoo katika mji wa New York na Toledo Zoo katika jimbo la Ohio. Kazi haikuwa rahisi. Hakuna mtu aliyejua chura huyu ale nini, apate mwanga kiasi gani, na maji ya namna gani. Wakafa wengi, hata pakawa wakati walipobaki chini ya 100. Kwa subira watunzaji walijifunza, na wale wachache wakazaa, na watoto wao wakazaa, hata wakafika maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakawekwa katika nyumba maalum katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2012 vyura kadiri ya 2,500 walifunguliwa katika bonde lao la Kihansi. Haijapata kutokea kabla ya hapo, mnyama wa ngeli ya amfibia aliyekwisha kuandikwa kuwa ametoweka porini, arudishwe kwao.

Kuna methali isemayo, "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Ni ya kweli katika mambo mengi, lakini huko Kihansi chura asiyezidi ukucha wa mtu aliufanya mtambo mkubwa wa umeme uachie sehemu ya maji yake yaende maporomokoni, na mtambo waendelea kutoa umeme. Twasema hivi ili asiwepo mtu wa kudhani ya kwamba ni lazima tuchague baina ya taa na chura. Lililo lazima ni kupima mapema. Kama bonde lisingepimwa mwaka 1996, chura huyu angalikufa bila jina, wala pasingalikuwa na mtu wa kujua ya kwamba alipata kuwapo.

Basi, fundisho ni hili: wingi si salama. Mnyama aliye na maelfu aweza kwisha kwa msimu mmoja ikiwa makao yake ni madogo na yategemea kitu kimoja. Na kwa hiyo hatumtazami sange kwa moyo mtulivu kabisa, ijapokuwa daraja lake ni jema kuliko la chura. Misitu yake miwili imo katika hifadhi: Mwanihana imo katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, na Ndundulu imo katika msitu uliohifadhiwa na serikali. Hilo ni jambo jema. Lakini moto hausomi mabango ya mipaka. Sange hutegemea majani makavu yaliyolala chini ya miti. Humo chakula chake, humo kitanda chake. Moto ukiingia msituni, hata usipoangusha mti mmoja, umekwisha kuichoma nyumba yake na ghala yake kwa mara moja.

Ndiyo maana tulisema tangu mwanzo ya kwamba jambo hili latuhusu. Mwenye kusafisha shamba kandokando ya msitu na akate kwanza njia ya kuzuia moto, awaite jirani zake wasaidie, wala asichome siku ya upepo. Mwenye kutega mitego ya kamba njiani pa wanyama akumbuke ya kwamba kamba haichagui; yeye amtaka paa, nayo humshika sange. Mwenye kunyunyizia dawa mimea yake asioshe bomba lake mtoni, maana sumu ishukayo na maji haina mwisho wa safari yake hata ifike kwa watu na wanyama wa chini. Na mtu atokaye bonde moja akaingia bonde jingine lenye vyura adimu na aoshe viatu vyake vikauke kwanza, kwa sababu ule ugonjwa wa kuvu huweza kusafiri katika tope la kiatu.

Huenda mtu akauliza, "Wanyama hawa watufaa nini? Hawaliwi wala hawauzwi." Twamjibu ya kwamba mahali palipo salama kwa sange ni msitu mzima, na msitu mzima ndio huhifadhi maji ya mito ishukayo Kilombero, inayolisha mashamba ya mpunga na ya miwa. Na mahali palipo salama kwa chura ni maji safi yasiyokoma. Vitu hivi viwili, msitu mzima na maji safi, twavihitaji sisi kama wao. Wao huumia mbele yetu, kwa kuwa ni wadogo. Lakini njia ya maumivu ni moja. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Tena iko heshima. Kiumbe asiye na kwao kwingine duniani ni amana iliyowekwa mikononi mwa wenyeji wa mahali pale. Mtu wa New York alimlea chura wetu kwa miaka mingi kama mtoto wa kufikia. Aibu ingekuwa yetu kama arudipo nyumbani hakuti mahali pa kulala.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na asimame aulize.